Usukani wa Ukutani

Uchovu wa Mama Sukani haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umehamia mwilini mwake kama mpangaji asiyejua kuaga. Tangu kiharusi kimwangushe mumewe na kuupoozesha upande wake wote wa kulia, yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha, akamfuta mdomo, halafu akatia miguu kwenye viatu na kwenda kufungua duka ambalo wateja wake, wakishaingia tu, walichungulia nyuma ya mgongo wake na kuuliza, "Mzee yupo?"

"Mzee amepumzika," huwajibu. "Niambie mimi."

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya muuza betri na muuza springi. Kwenye kuta, tangu sakafuni hadi darini, zilitundikwa sukani za malori ya zamani: nyeusi, za kijivu, nyingine zimepauka hadi rangi ya jivu la mkaa. Watu wanaofufua malori ya zamani walikuja hapo kutoka mbali, maana lori la zamani hata ulipake rangi ling'ae kama kioo, ukilivisha usukani wa gari jingine linakuwa kama mzee aliyeazima meno. Akicheka tu, watu wanajua.

Sifa ya duka aliijenga mumewe. Walimwita Kipimo kwa kuwa hakuamini kitu ambacho hajakipima. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku ya posa alikuja na futi kamba. Yeye alijifunza kwake, kwanza kwa kupangusa vumbi, kisha kwa kuuliza, mwisho kwa kubishana naye mpaka majirani wakadhani wanaachana. Sasa hakukuwa na wa kubishana naye. Kipimo alilala akitazama dari, na maneno machache aliyobaki nayo yalitoka vipande vipande, kama mtu anayetema mbegu.

Asubuhi moja wakaingia watu watatu, wameachana nafasi kana kwamba kila mmoja ametoka nyumba yake. Mbele alikuwa mwanamke mnene mwenye futi ya kushonea shingoni. Nyuma yake mwanamume mwenye saruji iliyokaukia kwenye viatu. Mlangoni kabisa, uso ameugeuzia barabarani, alisimama mwanamume mwingine, mdogo kidogo na nadhifu sana, amekumbatia kitu cha duara kilichofungwa kwa shuka.

"Shikamoo, mama," akaanza yule mwanamke.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Hawa ni ndugu zangu, baba mmoja mama mmoja, ingawa ukiwatazama hutaamini. Huyu kaka yetu mkubwa ni mwashi. Yule mlangoni ni mdogo wetu, kinyozi. Mimi mshonaji nimezaliwa katikati, ndiyo maana naumia kuwili."

Mama Sukani akawavutia kiti, kikakaliwa na mshonaji peke yake. Kisa akakimwaga chote.

Baba yao alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe. Aliitwa Polepole, kwa kuwa katika maisha yake yote ya barabarani hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari jingine, labda liwe limesimama. Alipofariki, lori alimwachia mwashi, na likabaki limeegeshwa uani. Siku ya mazishi waliporudi kutoka makaburini, mlango wa lori ulikuwa wazi na usukani haupo. Baadaye mwashi akaenda kwa mdogo wake kusalimia, akanyanyua macho, akaona usukani umetundikwa ukutani sebuleni. Palepale, mbele ya wageni na watoto, akamwita mwizi wa marehemu. Tangu siku hiyo hawajapeana salamu.

"Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," akamalizia mshonaji. "Mama, mimi mashamba yameniishia. Huyu amelifufua lori la Baba, limebaki usukani tu. Tumekubaliana tuje kwako. Ukisema huu ni usukani wa lori la Baba, mdogo wangu ataurudisha na kuomba radhi. Ukisema sio, mkubwa ataomba radhi yeye."

"Ni wenyewe," akasema mwashi. "Mwambieni autoe kwenye shuka, ataona haya mwenyewe."

Kinyozi akaongea na barabara. "Mwambieni Baba alinipa kwa mkono wake akiwa hai, na lori lilikuwa linatembea. Alinipa umefungwa kwenye gunia, akasema, 'Tundika.' Basi. Lori linatembeaje bila usukani? Huu ni wa gari jingine huko alikopita."

"Mwambieni anadanganya."

"Mwambieni aliyezoea kuona matope huona matope kila mahali."

"Mnaniona mimi ni simu?" akafoka dada yao. "Toa huo usukani!"

Shuka likafunguliwa. Mama Sukani akaupokea na kuuweka juu ya meza, na kwa kitambo akasahau mgongo wake. Haukuwa wa kuigiza. Za kuigiza alizijua kwa kidole tu: zina mshono mwembamba unaozunguka duara pale plastiki ilipounganishwa, na vibonde vya vidole upande wa chini vimekatika ghafla kama ngazi. Huu vibonde vyake viliingia na kutoka kwa upole. Mikono mitatu ya chuma, ile miwili ya juu mipana kuliko wa chini. Akaugeuza. Nyuma ya kitovu, herufi na namba zilikuwa zimetoka pamoja na chuma chenyewe kiwandani, hazikugongwa baadaye. Kitovu kilikuwa cha chuma kizito, kirefu.

"Baba yenu alikuwa na lori gani?"

Mwashi akamtajia, na jinsi pua yake ilivyokaa, na taa zilivyokuwa.

"Usukani huu ni wa malori ya aina hiyo. Asilia kabisa."

"Umesikia!" mwashi akageuka, kwa mara ya kwanza akimtazama mdogo wake usoni.

"Ngoja, mwanangu. Nimesema wa aina hiyo. Sijasema wa lori hilo. Malori kama hilo yalijaa barabarani enzi zile. Kiatu kuingia mguuni hakujafanya kiwe chako."

Angeweza kukata maneno hapohapo. Neno moja tu na wangeondoka, naye angepata nafasi ya kuegemea ukuta kabla ya kukimbia nyumbani kumgeuza mgonjwa. Lakini neno lile lingemfanya mtu mmoja mwizi mpaka kufa kwake. Akaupitishia tena mkono. Chini ya mkono mmoja wa usukani kulikuwa na ufa uliozibwa zamani kwa gundi nzito, ukasuguliwa hadi ukapotea machoni. Ni kidole tu kilichouona. Na kwenye uso wa kitovu, pembeni ya tundu, palikuwa na vinukta viwili vilivyogongwa kwa ncha ya msumari mgumu.

"Niachieni hadi kesho," akasema. "Kesho nitakuja kuliona lori."

Kinyozi akasita.

"Hautapotea, mwanangu. Kwangu hapa sukani ndiyo kitu pekee kisichopotea."

Alasiri aliubeba kwenda nao nyumbani, umefungwa kwa shuka lake. Njia nzima alijilaumu kwa uzito aliojiongezea. Siku nyingi hakuwa amepeleka kazi nyumbani. Aliona ni huruma: mtu hawezi kushika hata kikombe, umletee sukani za nini, umkumbushe alichopoteza? Hivyo akija humwambia tu duka halijambo, watu wanakusalimia, funua mdomo nikupe uji. Kipimo hufunua mdomo.

Siku hiyo alimkuta macho kwenye dari, kama alivyomwacha. Akamgeuza, akambadilisha shuka, akamwinua na kumwegemeza kwenye mito, kiuno kikimlilia. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka hata kufikiri, akaufunua usukani na kuuweka kwenye mapaja ya mumewe bila utangulizi.

"Nimekwama," akamwambia. "Nisaidie."

Kipimo aliutazama. Mkono wake wa kushoto, ambao kazi yake siku hizi ilikuwa kukamata pindo la shuka, ukanyanyuka. Ukashuka juu ya duara, ukazunguka polepole, ukaenda chini kwenye vibonde, ukaja kitovuni, ukapima urefu wa kitovu kwa kidole gumba na cha shahada, kama zamani. Mama Sukani akasimama na bakuli la maji mkononi, akaogopa hata kukohoa. Mkono ulipofika kwenye ule ufa uliozibwa, ukasimama. Ukarudi. Ukasimama tena. Nusu ya uso wa Kipimo ikacheka. Nusu nyingine ikabaki ilivyo.

Akajigonga kifuani kwa kidole. Akagusa ufa. Akajigonga tena.

"Wewe ndiye uliyeuziba?"

Akakubali kwa macho. Kidole kikaenda kwenye vinukta viwili, kikarudi kugonga kifua tena, kwa nguvu, kama mtu anayedai chake.

"Na hivyo vinukta ni vyako. Vya nini?"

Kipimo akahangaika. Jasho likamtoka. Akaushika usukani, akaugeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, akaurudisha katikati, akamtazama mkewe kwa hasira ya mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito. Na mkewe akaelewa. Usukani ukiutoa mahali pake bila kutia alama, siku ya kuurudisha lori litakwenda moja kwa moja huku mikono yako imekata kona. Fundi makini hugonga alama kwenye kitovu, na nyingine kama hiyo kwenye ncha ya nguzo ambayo usukani umekalia. Alama zikitazamana, kila kitu kiko sawa.

"Kwa hiyo kwenye nguzo ya lori lenyewe kutakuwa na vinukta viwili kama hivi."

Macho yakakubali.

"Unamkumbuka aliyeuleta?"

"Po..." akasema Kipimo. "Po... le."

Mama Sukani akakaa kitandani. "Alitaka nini? Mbona hakuurudisha kwenye lori?"

Mumewe akazungumza kwa muda mrefu, na katika yote yale mkewe aliambulia neno moja tu, lililorudiwa: mdogo. Mengine yalikuwa sauti, kama redio iliyopoteza mawimbi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, Kipimo alikuwa anahema, shavu limepata rangi, na uji wa jioni hiyo alidai ashike kijiko mwenyewe. Nusu uliishia kifuani. Mkewe alimfuta akilia kimyakimya, kwa kuwa alikuwa ameona kile alichokuwa akikiita huruma kimekuwa kitu gani kwa mtu mwenye akili zake timamu.

Kesho yake akaenda uani kwa mwashi. Wote watatu walikuwapo. Lori lilisimama juu ya magurudumu mapya, limepakwa rangi ya bluu iliyoiva, taa zake zimetoa macho. Mwashi alikuwa amefanya kazi ya mapenzi. Hata vitasa vya milango vilikuwa vya enzi zile. Mama Sukani akapanda kwa taabu, akijisukuma kwa goti kama mzee anayeingia kitanda kirefu, akakaa kwenye kiti cha dereva. Mbele yake nguzo ya usukani ilikuwa imejitokeza uchi, kama mkono usio na kiganja.

Akaomba kitambaa na mafuta ya taa. Akafuta rangi ya bluu iliyodondokea juu. Akafuta kutu. Kwenye ncha, vikatoka vinukta viwili.

Akausogeza usukani, akaulenga, akaushusha. Meno ya ndani ya kitovu yakayapokea meno ya nguzo, ukateremka hadi chini, ukatulia. Vinukta vya kitovu vikatazamana na vya nguzo.

"Ni wa lori hili," akasema. "Sio wa aina yake. Ni wake."

"Haya!" Mwashi akapiga kofi mlango. "Nani muongo sasa? Nani?"

Kinyozi alikuwa amebadilika rangi. "Mimi sikujua," akasema, na sauti yake haikuwa na makali tena. "Wallahi sikujua. Alinipa kwenye gunia."

"Sijamaliza," Mama Sukani akasema. Akauvuta usukani, ukatoka. "Panda, mwashi. Njoo uone mwenyewe."

Mwashi akapanda upande wa utingo. Mama Sukani akamwonyesha kwenye nguzo, palipokuwa pameshika kitovu, duara mbili za msuguano. Moja ilikuwa chini, imeanza kushika kutu. Ndipo kitovu hiki kirefu kilipokaa miaka mingi. Nyingine ilikuwa juu yake, nyembamba, inang'aa bado. Ilikuwa kama kidole kilichowahi kuvaa pete mbili. Na ndani ya meno, juu ya grisi ya zamani, palikuwa na unga mweupe.

"Unga huu ni alumini. Usukani wa baba yako una kitovu cha chuma, hauwezi kuacha unga huu. Hapa palikaa usukani mwingine baada ya huu, wa kitovu kifupi, wa bei rahisi, na ulikaa muda. Meno hayawezi kusagika hivi gari likiwa limeegeshwa. Ni gari linalotembea, na dereva anakata kona. Dereva mwenyewe alikuwa nani?"

Mwashi akaugusa unga ule kwa kidole.

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyetaka huu utoke. Alileta lori kwa mume wangu, huu ukatolewa na ufa ukazibwa, naye akalivalisha lori usukani mwingine akaendelea na safari zake. Huu akampa mdogo wako. Siku ya mazishi uliibiwa kweli, mwanangu, ila ulioibiwa ni ule wa kuokoteza. Waokota vyuma chakavu wanajua siku ya msiba nyumba haina mlinzi. Mwizi yupo, ila si huyu."

Mshonaji alikuwa ameshika futi yake shingoni kwa mikono yote miwili. Mama Sukani alitegemea mwashi ataona aibu, au atakasirika. Hakutegemea alichokiona: uso wa mtu mzima mwenye mvi ukijikunja kama wa mtoto aliyenyimwa.

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa wa kweli," mwashi akasema taratibu. "Mimi akaniachia gari lenye usukani wa kuokoteza. Miaka yote nikimsaidia kubadilisha matairi, macho chini, hata sikuona juu kimebadilika nini. Mikono yake yote ilikuwa kwenye duara hili, akampa yeye."

"Kaka, lori zima ni lako," dada akasema.

"Lori ni mabati." Akageuka kwa Mama Sukani. "Mume wako alikuwapo. Baba alisema nini? Kwa nini alifanya vile?"

Hapo Mama Sukani akaona wazi neno ambalo lingewaponya wote wawili. Lilikuwa jepesi na lilikuwa tayari mdomoni: baba yenu alisema mkubwa atalichukua lori, basi mdogo naye asikose kumbukumbu. Huenda ndivyo alivyosema. Lakini hakulisikia, na Kipimo hakumfundisha kusoma namba ambayo haipo.

"Mume wangu hawezi kusema vizuri," akajibu. "Nilisikia neno 'mdogo'. Mengine sikuyapata, na siwezi kukutungia."

Mwashi akaangalia mikono yake. "Mdogo," akarudia. Kisha, bado akiangalia mikono, akasema na mdogo wake aliyesimama chini, kando ya lori, bila kupitia kwa dada: "Nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Uliniita mbele ya wanangu," kinyozi akasema.

"Nitakuja. Wakiwepo."

Kinyozi akapanda juu ya kidaraja cha mlango. Akauchukua usukani kwa Mama Sukani, ambaye alishuka kumpisha, na kuuweka kwenye nguzo. Akauweka vibaya, vinukta vimepishana, kazi yake ilikuwa mikasi. Mwashi akanyoosha mkono akaugeuza kidogo.

"Leo ukae hapa," kinyozi akasema. "Sijasema nimeutoa."

"Sijasema nimeupokea," mwashi akajibu, akaanza kutafuta nati.

Mshonaji akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la kazi. Mama Sukani akaokota shuka, akalikunja, akamwekea mapajani, akajiondokea. Hakuna aliyemuaga. Njiani magoti yalimuuma vilevile, na nyumbani mgonjwa alikuwa anahitaji kugeuzwa vilevile.

Alimkuta Kipimo ametoa macho mlangoni. Alimweleza kila kitu akimwogesha: vinukta, duara mbili, unga wa alumini. Kwenye unga wa alumini Kipimo akapiga godoro kwa mkono wa kushoto kwa furaha hadi maji yakamwagika. Alipomaliza kumvisha shati, mumewe akamshika kiganja.

"Du... ka," akasema.

"Duka liko wapi na wewe uko wapi? Nani atakubeba?"

"Du-ka."

Walimbeba muuza betri na muuza springi, kwenye kiti cha mbao, wakitaniana kwamba mzee amenenepa kwa kulala bure. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na kazi ya Mama Sukani haikupungua, iliongezeka. Sasa alikuwa na mgonjwa na duka mahali pamoja, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mbishi. Mkewe akitaja mwaka wa usukani, Kipimo hutikisa kichwa. Akimpelekea, huupima kwa vidole viwili, na mara nyingi huwa mkewe yuko sahihi, naye hukataa kukubali.

Mchana mmoja wa joto, wateja wamekatika, Mama Sukani alikaa kwenye gunia la vifuniko vya honi, akaegemea ukuta ili apumzishe mgongo kidogo tu. Usingizi ukamchukua mzima mzima. Aliposhtuka, jua lilikuwa limehama upande wa pili wa barabara, na Kipimo alikuwa ameketi mlangoni, mguu wake ulio mzima ameunyoosha kuziba njia. Nje alisimama mteja mmoja amekunja mikono, amekasirika.

"Mama, huyu mzee hataki niingie," akasema. "Kila nikitaka kukuamsha ananitishia na spana."

Mama Sukani akajifuta uso, akasimama polepole, kiungo kimoja baada ya kingine, akamwuliza ana lori gani.